Mguu wa Egidi

Jumatatu, 9 Juni

Nimefika Litembo jana kwa bodaboda kutoka Mbinga mjini, goti la kulia limefungwa bandeji, na dereva njia nzima ananiuliza kama mimi ndiye yule wa kwenye TV. Nilimjibu ndiye. Akasema kwenye TV naonekana mrefu zaidi.

Daktari wa Dar es Salaam amenipa miezi mitatu bila kuruka wala kuzunguka, kisha "tutaona". Nimewahi kuambiwa "tutaona" na wakurugenzi wa majumba ya sanaa, na sikumbuki hata mara moja tuliyoona kitu. Nina miaka arobaini na mmoja. Miaka ishirini na miwili nimekula kwa miguu yangu: kundi la ngoma Dar es Salaam, kampuni ya baleti Ujerumani, kisha ujaji wa mashindano ya kucheza kwenye televisheni. Sasa nimelala kwenye kitanda cha marehemu baba, mguu juu ya gunia la maharage.

Dada Hildegardi amesema mikono yangu haijaumia, na kahawa inaiva.

Jumanne, 10 Juni

Baridi. Nimechuma nusu debe. Dada amechuma matatu huku anaongea na majirani.

Alhamisi, 12 Juni

Ukungu mpaka saa tano. Goti limetulia. Mimi sijatulia.

Jumamosi, 14 Juni

Mtandao hapa kwetu unashika juu ya jiwe moja nyuma ya zizi la nguruwe, basi nimepanda mara nne leo. Mara ya nne Recho alipokea. Recho ndiye mtayarishaji wa kile kipindi nilichokuwa jaji. Habari ni kubwa: wanataka kutengeneza filamu ya saa nzima juu ya maisha yangu, ifungue msimu mpya. Ikipokelewa vizuri, mimi ndiye nitakayekuwa mwongozaji wa kipindi, yule anayesimama mbele na maikrofoni. Mwongozaji hahitaji goti. Anahitaji koti zuri na mdomo, na vyote ninavyo. Nikikosa nafasi hii sijui nitakuwa nani. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo.

Anataka tupige picha ziwani, Mbamba Bay. Hapo ndipo penye shida.

Kila anayenijua anaujua "Mguu wa Egidi". Mchezaji anakwenda mbele hatua sita, goti la kulia limekunjwa muda wote, kisha anarudi kinyumenyume bila kugeuka na bila kulinyoosha lile goti. Ujerumani walijenga onyesho zima juu ya hatua ile. Dar es Salaam wanaicheza kwenye harusi. Na popote nilipoulizwa nimeitoa wapi, nimejibu kwamba nilijifunza kwa mawimbi ya Ziwa Nyasa, yanayokuja na kurudi bila kutupa kisogo. Maneno matamu. Niliyasema mara ya kwanza nina miaka ishirini na sita, kwa mwandishi mmoja aliyekuwa ananitazama vizuri, na baada ya hapo sikuweza kuyarudisha mdomoni.

Litembo iko mlimani. Mpaka natimiza miaka ishirini nilikuwa nimeliona ziwa mara mbili, na mara moja kati ya hizo nilikuwa natapika dirishani. Hatua ile sikuipata kwa mawimbi. Niliichukua kwa mtu anayeitwa Methodi, mcheza ngoma ya mganda wa hapa hapa kijijini, na yu hai.

Sijawahi kuandika hivyo mahali popote.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya misa nilimfuata Pankras, kapteni wa kundi la mganda, nikamweleza kwamba watu wa TV wanakuja na nataka kundi lake licheze pamoja nami. Alifurahi. Akahesabu sare, akalalamikia ngozi ya ngoma kubwa, akasema vibuyu vya kupuliza vipo vya kutosha. Kisha nikataja ile hatua, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi.

Pankras alinijibu bila kupandisha sauti. Kwenye kundi lao kila mtindo una mwenyewe, na mwenyewe akiwa hai yeye ndiye anayeufungua: anatoka mbele peke yake, anaucheza mara moja, ndipo mstari unamfuata. Asipokuwepo, mtindo unalala. Hata akiwa msibani, unalala.

"Ule ni wa mzee Methodi," alisema. "Tumekuona nao kwa padri, kwenye TV, miaka mingi. Tulijua ipo siku utakuja kusema mwenyewe."

Miaka yote hii nilidhani hawajui. Walikuwa wananingoja tu.

Jumanne, 17 Juni

Nimechuma debe moja. Dada amenirudishia robo yake: mbichi. Amezimwaga tu mbele yangu.

Jumatano, 25 Juni

Siku kumi nimezunguka kijiji kizima nikiikwepa nyumba moja. Leo nimekwenda.

Methodi sasa ni mzee wa miaka sitini na zaidi. Amezaliwa na mguu wa kushoto mfupi, na barabarani anachechemea hata mtu aliye mbali anamjua. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, akanipa kigoda, akaendelea kugeuza kahawa yake juu ya kichanja. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilisema mambo ya utamaduni, ya kizazi kijacho, ya heshima kwa wazee wetu. Alinisikiliza mpaka mwisho, mtu wa watu.

"Goti linaumaje?" akaniuliza.

Nikamwambia linauma kwa ndani, upande wa chini, hasa nikirudi nyuma. Akatikisa kichwa taratibu, na huruma yake ikaniudhi. Akasema nije Ijumaa ya wiki ijayo shambani kwake, atakuwa anatoa mahindi. Basi. Juu ya filamu hakusema ndiyo wala hapana.

Jumatatu, 30 Juni

Mvua ya manyunyu. Nimepanda kwenye jiwe mara sita. Recho anasema tarehe ni 26 Julai, na filamu imeshapata jina: "Mawimbi".

Ijumaa, 4 Julai

Sijui niandike nikiwa na hasira au ningoje zipoe. Zikipoa sitaandika.

Shamba la Methodi liko ng'ambo ya mto, mteremko mkali, na lote limechimbwa ngolo: vishimo vimepangana mlima mzima, na kati yake matuta membamba ya kupita. Hukanyagi shimoni, na hubomoi tuta. Kila mtoto wa Kimatengo anajua, isipokuwa mimi. Baba alikuwa katekista. Tulikaa nyumba ya misheni yenye uwanja tambarare, na mashamba yetu walilima watu wengine. Mmatengo ambaye hajawahi kuchimba ngolo hata moja ndiye mimi.

Nilisimama chini kwenye njia. Yeye alikuwa juu, kikapu cha mahindi begani, anakatiza mteremko juu ya tuta. Mguu mfupi ulikuwa upande wa mlimani, mrefu upande wa bondeni. Na alikuwa hachechemei. Mteremko wenyewe ulikuwa umemsawazishia miguu. Kifua kimenyooka, kichwa kimetulia, maji ungeyaweka juu yake yasimwagike. Alipofika mwisho wa tuta akatua kikapu, akachukua kitupu, na hakugeuka. Akigeuka mguu mfupi utakuwa bondeni, na ataanguka. Kwa hiyo akarudi kinyumenyume, hatua sita, saba, kifua kule kule kilikokuwa.

Nilikaa chini kwenye majani yenye umande.

Hatua yangu ilikuwa hiyo. Si ngoma hata kidogo: ni mzee mwenye mguu mfupi anayetoa mahindi shambani. Akaipeleka kwenye mganda, kwa sababu uwanja wao wa ngoma nao uko mteremkoni, na mimi nikamwona huko nikiwa na miaka kumi na sita, kwa mbali, nikichungulia juu ya ukuta wa misheni ambao baba alikuwa amenikataza kuuvuka. Alivaa suruali pana, sare ya siku hizo. Niliona mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake nikadhani amekunja goti. Na kwa kuwa alikuwa amenielekea, kushoto kwake nikakuweka kulia kwangu.

Methodi alishuka akaketi kando yangu. Akaweka kiganja juu ya goti langu lenye bandeji, kama fundi anayepapasa ubao.

"Mimi pale sijawahi kukunja goti," alisema. "Yote yamenyooka. Wewe ulikuwa unaigiza ufupi wangu kwa goti zima, kila siku, miaka yote. Nilikuwa nakuona kwenye TV naumia mimi. Nikasema, mtoto wa katekista atajivunja, na nani atamwambia?"

Nilimuuliza kwa nini hakunitumia salamu. Akajibu kwamba mtu aliyesema amefundishwa na ziwa, utamtumia salamu ya nini.

Jumamosi, 5 Julai

Nimekasirika.

Jumapili, 6 Julai

Bado. Nimesali vibaya.

Jumatano, 9 Julai

Nimekaa nikitafuta ninayemkasirikia. Nilianza na Methodi kwa kunyamaza, nikaja kwa baba na ukuta wake, nikapita kwa walimu wa Ujerumani walionipigia makofi kila nilipokunja. Kila mmoja nilimshika siku nzima, akaniponyoka. Dada ananiambia mbwa mwenye kidonda hujilamba, haumi wapita njia. Nikamwambia hiyo si methali. Akasema sasa ni methali.

Alhamisi, 17 Julai

Kahawa mbivu nyingi. Vidole vimekuwa vyeusi. Pankras alikuja kuuliza kama nimemwalika mzee Methodi kwenye safari ya ziwani, maana lori limeshapatikana. Nikamwambia mzee amechoka, hatakuja.

Uongo mwingine, na huu haukuhitaji hata mwandishi wa gazeti. Sikumwalika. Sitaki asimame mbele yangu siku ile.

Jumatatu, 21 Julai

Upepo. Sijalala vizuri. Nimejaribu hatua chumbani, goti limenyooka. Haifanani na kitu chochote. Naonekana mtu anayetafuta funguo zilizoanguka.

Jumamosi, 26 Julai, Mbamba Bay

Tumeshuka alfajiri na lori, wanaume ishirini na wawili wenye kaptula nyeupe, ngoma kubwa katikati yao. Baridi ya kwetu ikabaki huko milimani, na tulipofika chini jasho likaanza. Recho na watu wake wa kamera walikuwa wameshapanga vitu kwenye mchanga. Wenyeji walikuja kutazama, akina mama wanaoanika usipa, dagaa wa ziwani, wakaacha kazi wakakaa.

Nilikaa juu ya mwamba, koti langu la bluu, ziwa nyuma yangu. Recho akaniuliza nilijifunzaje. Nikasema mawimbi. Niliyasema vizuri kuliko siku zote. Hata sauti ilikwama mahali pake. Mwanamke mmoja wa Kinyasa, mama wa kanisa la Anglikana kwa kitenge chake, akamwambia mwenzake kwa sauti niliyoisikia kwamba wao wamekaa na mawimbi haya tangu utotoni, na hakuna aliyevunjika goti.

Kisha Recho akataka kundi lisimame nyuma yangu na ile hatua ichezwe. Ngoma ikapigwa, vibuyu vikalia, mistari minne ikajipanga na ikaanza mitindo mingine, mizuri kabisa. Ilipofika ile, Pankras alinyoosha mkono na ngoma ikanyamaza.

Recho akauliza kuna nini. Pankras akasema mwenye mtindo hayupo, kwa hiyo mtindo umelala. Recho akacheka akaninyooshea kidole: mwenyewe huyu hapa. Wanaume ishirini na wawili wakatazama mchanga. Hakuna aliyeniumbua. Kama mmoja wao angenitukana ningepata pa kushika.

"Kaka Egidi," Recho akaniambia, "waambie. Jua linapanda."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imeishia majini. Nilimwambia Recho kwamba hatua si yangu. Ni ya mzee anayeitwa Methodi, mwenye mguu mfupi, wa Litembo. Sikuipata ziwani, niliichungulia juu ya ukuta wa misheni, niliiona vibaya, na goti langu limeharibika kwa sababu hiyo. Nikamwambia pia kwamba mzee hajachoka. Sikumwalika. Hilo nililisema nikimtazama Pankras, na lilikuwa gumu kuliko yote.

Recho ni mtu wa kazi. Nilimwona anahesabu filamu yake inavyobomoka, jina na kila kitu. Halafu akasema, "Rudia. Kamera ilikuwa imezimwa."

Nikarudia. Mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu nilishajua inavyouma. Nikamaliza, nikavua koti kwa sababu ya joto, na sikujua niliweke wapi.

Kwenye lori, kurudi, hakuna aliyezungumza nami mpaka tulipoanza kupanda milima. Ndipo Pankras akanisogezea nafasi karibu na ngoma, ambako gari halirushi sana, akaniambia niweke mguu hapo.

Jumatatu, 28 Julai

Recho na kamera zake wako Litembo. Wamempiga picha Methodi juu ya ngolo tangu asubuhi. Hakuna aliyeniita. Nimechuma madebe mawili, yote mekundu.

Jumapili, 3 Agosti

Methodi alipita hapa baada ya misa. Nilimwomba msamaha mbele ya dada, bila hotuba safari hii. Akasema amesikia, na je, goti? Kisha wakaongea na dada juu ya bei ya mbolea mpaka chai ikaisha.

Jumamosi, 9 Agosti

Jiwe. Recho mwenyewe ndiye aliyepiga. Filamu imebadilika jina na imependwa na wakubwa wake. Wanamtaka Methodi studio Dar es Salaam tarehe 24, aicheze mbele ya watu, moja kwa moja. Uongozaji wa kipindi wamempa dada mmoja aliyekuwa anasoma habari za michezo. Recho alisema ameumia kuniambia. Namwamini.

Nilikaa juu ya jiwe mpaka baridi ikaingia kwenye mifupa. Nimekuwa mtu wa jukwaa tangu nikiwa na miaka kumi na tisa. Nilijaribu kujiuliza kesho nitaamka nani, nikaona swali halina mlango.

Jumapili, 10 Agosti

Methodi hataki kwenda. Si woga: kahawa yake ya juu inaiva sasa, ana mikono yake miwili tu, na mkewe yuko hospitali anaumwa kifua. Ikikaa wiki mbili itaanguka chini. Nilimsikia anamwambia Pankras hivyo nje ya kanisa, na nilishangaa kusikia sauti yangu ikisema nitaichuma mimi. Pankras alitazama goti langu. Methodi alitazama vidole vyangu, vyeusi mpaka kwenye kucha, akasema haya.

Ijumaa, 15 Agosti

Sikukuu ya Mama Maria. Methodi ameondoka na basi, shati jeupe, viatu vya kuazima. Mimi niko kwenye mistari yake ya kahawa tangu mchana. Shamba linashuka ghafla, na nimelazimika kujifunza kutembea: mguu mzima bondeni, mbovu mlimani, magoti yote yamenyooka. Kurudi nimerudi kinyumenyume, kwa sababu nikigeuka goti linapiga kelele. Nilifanya hivyo kama mara thelathini kabla sijagundua ninachofanya.

Jumanne, 19 Agosti

Madebe matatu. Dada alikuja kukagua. Hakumwaga kitu.

Jumapili, 24 Agosti

Kipindi kilirushwa saa kumi jioni. Ukumbi wa parokia ulijaa mpaka madirishani, kundi lote la mganda mbele, Padri kwenye benchi la kati. Mimi nilikaa nyuma karibu na mlango, pamoja na dada, ili niweze kutoka.

Filamu ilikuwa fupi kuliko nilivyodhani. Nilijiona juu ya mwamba nikisema ukweli, uso umelowa jasho, mzee kuliko ninavyojijua. Watu ukumbini hawakugeuka. Kisha Methodi juu ya ngolo na kikapu chake, na ukumbi mzima ukapumua.

Halafu studio. Sakafu nyeusi inayong'aa, taa, watu wanapiga makofi. Yule dada mwongozaji akamkaribisha, akasema sasa tutaiona hatua ya kweli kutoka kwa mwenyewe. Ngoma ikaanza. Methodi akatoka mbele.

Akachechemea.

Hatua ya kwanza, ya pili, bega linashuka, kiatu cha kuazima kinateleza. Ya tatu akasimama. Ngoma ikaendelea kidogo peke yake, ikakoma. Pale studio mtu mmoja alicheka. Hapa Pankras aliinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimeshasimama, sijui naenda wapi, mikono imeshika benchi la mbele. Nilikuwa nimewahi kusimama kwenye sakafu kama ile mara elfu. Ningeweza kumwambia. Hata siku moja haikunijia kichwani kwamba yeye hajawahi.

Mwongozaji akamsogelea akamuuliza kama anahitaji kupumzika. Methodi alikuwa anaitazama sakafu, anaipapasa kwa ncha ya kiatu. Hakuwa na aibu yoyote. Akachukua ile maikrofoni kama mtu anayepokea bakuli.

"Hapana, mama," alisema. "Sijachoka. Ni kwamba huku hakuna mlima. Mimi bila mlima siwezi kitu. Egidi alipofika huku naye alikuta hakuna mlima. Akautengeneza kwa goti lake."

Akarudisha maikrofoni, akaenda kukaa.

Ukumbini watu waligeuka, mmoja mmoja, kisha wote. Hawakunitazama usoni. Walitazama goti. Nililia mbele ya Padri na mbele ya kundi zima, na sikufunika uso. Dada Hildegardi alinishika kiwiko akaniambia nikae, nawazibia waliosimama mlangoni.

Jumatatu, 25 Agosti

Madebe mawili na nusu. Imebaki mistari minne.